Kutotolesha vifaranga nyumbani kwa mashine, hatua kwa hatua

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu ananunua mashine, anapanga mayai 60, anasubiri wiki tatu, mwisho anatoa vifaranga 9 na trei inayonuka. Anasema mashine ni mbovu. Anaiuza, ananunua kubwa zaidi, na hesabu haibadiliki.

Mashine mbovu zipo. Lakini ukipasua mayai yaliyogoma na kuangalia ndani, mara nyingi unakuta tatizo lilianza kabla yai halijaingia kwenye mashine, au lilitokana na unyevu ambao hakuna aliyeupima. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye mambo mawili: yai lenyewe, na maji yanayolitoka likiwa ndani ya mashine. Joto ambalo kila mtu analihofia ndilo rahisi kuliko yote, ilimradi kipimo chako kisidanganye.

Ninazungumzia mayai ya kuku: wa kienyeji, chotara, au aina nyingine yoyote. Yote huanguliwa siku ya 21. Kware huchukua siku 17 hadi 18, bata aina ya Pekin 28, bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28. Usiyachanganye kwenye mkupuo mmoja, kwa sababu kila ndege anataka unyevu wa mwisho kwa siku yake.

Ukifuata hatua hizi, lenga kupata vifaranga 75 hadi 85 kwa kila mayai 100 yenye mbegu. Tafadhali zingatia hayo maneno mawili, "yenye mbegu". Yai lisilo na mbegu, yaani lisilorutubishwa na jogoo, halihesabiwi kama kosa la mashine.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mashine ya kutotoleshea, ikiwezekana yenye feni na kigeuza mayai
- Kipimajoto cha pembeni, tofauti na kile cha mashine
- Kipima unyevu cha pembeni
- Kipimajoto cha kidijitali cha homa, cha kutoka duka la dawa
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja
- Tochi yenye mwanga mkali na mwembamba
- Penseli (si kalamu ya wino) na daftari
- Vyombo viwili vya maji, kimoja kipana na kimoja chembamba
- Sponji safi au kitambaa cha pamba
- Mablanketi mawili na chupa za maji ya moto, kwa ajili ya umeme kukatika
- Bruda (boksi au kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga), iliyokamilika kabla ya siku ya 18

Kama fedha haitoshi kwa vyote, usiache mizani. Utaona sababu kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Hakiki vipimo vyako

Kioo cha mashine kikisoma 37.5, hiyo ni kauli ya kioo tu. Kihisio, yaani kile kinachopima joto ndani ya mashine, kinaweza kukosea kwa nyuzi moja nzima, na nyuzi moja ikidumu wiki tatu inatosha kuharibu mkupuo wote.

Kwa joto, chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu. Tumbukiza ncha ya kihisio cha mashine pamoja na ncha ya kipimajoto cha homa, zikiwa karibu karibu, koroga taratibu, kisha soma vyote viwili. Kipimajoto cha homa kimetengenezwa kusoma vizuri kati ya nyuzi 35 na 42, na hapo ndipo unapohitaji. Kama cha homa kinasema 37.8 na mashine inasema 37.2, mashine yako inasoma pungufu kwa 0.6. Rekebisha kwenye kidhibiti kama kina nafasi hiyo, la sivyo andika tofauti hiyo kwa herufi kubwa ubavuni mwa mashine.

Kwa unyevu, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji kidogo ilowe bila kuyeyuka. Iweke pamoja na kipima unyevu ndani ya chupa au mfuko usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Asubuhi kipimo kisome asilimia 75. Kikisoma 68, jua kinapunguza 7, na ongeza 7 kwenye kila usomaji wako.

Umefanikiwa ukiona: una namba mbili daftarini, kosa la joto na kosa la unyevu. Hata zikiwa sifuri, ziandike.

## Hatua ya 2: Pata mayai yenye mbegu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nusu ya vifaranga vyao bila kujua.

Mayai ya trei ya dukani, yale ya kuku wa mayai wa kisasa, hayana mbegu. Wale kuku hufugwa bila jogoo. Hakuna mashine itakayoyaangua.

Kama unakusanya kutoka bandani kwako, jogoo mmoja awe na matetea 8 hadi 10. Ukimleta jogoo mpya, subiri wiki mbili kabla ya kuanza kukusanya. Ukimtoa jogoo wa zamani, mbegu yake inaweza kubaki ndani ya tetea kwa takribani wiki mbili, kwa hiyo vifaranga vya mwanzo huenda visiwe vya huyo mpya. Jogoo asiwe kaka wa matetea wako. Damu moja ikizunguka banda hilo hilo, uanguaji hushuka na vifaranga hutoka dhaifu. Badilishana jogoo na jirani.

Chakula cha wazazi nacho kinaingia kwenye yai. Kuku anayekula pumba pekee hutaga yai ambalo kiinitete chake (kifaranga kinachoanza kuumbika ndani) hakitapata vitamini na madini ya kukifikisha siku ya 21. Kabla ya msimu wa kutotolesha, wape matetea chakula kamili, mchicha au majani mengine mabichi, na dagaa kidogo.

Kama unanunua mayai, muulize muuzaji uwiano wa majogoo na siku ya kutagwa. Halafu nunua mayai 5 ya ziada na uyavunje kwenye sahani. Tazama kidoa cheupe juu ya kiini. Yai lenye mbegu lina kiduara kilichopangika, chenye ukingo unaoonekana na katikati pamefifia. Lisilo na mbegu lina kidoa kidogo kisicho na umbo. Mayai 4 kati ya 5 yakiwa na kiduara, nunua. Yakiwa 2, ondoka. Anayekuambia anaweza kuona mbegu kwa tochi kwenye yai ambalo halijaatamiwa hasemi kweli, na anayekuambia yai lililochongoka hutoa jogoo vivyo hivyo.

Tahadhari moja kwa wanaofuga chotara kama Kuroiler na Sasso: mayai yao huanguliwa vizuri kabisa, lakini watoto hawatafanana na wazazi. Utapata kuku wa ukuaji na rangi mchanganyiko. Usimwuzie mtu vifaranga hivyo kwa jina la chotara wa kampuni.

Chagua mayai ya ukubwa wa wastani. Yaache haya: makubwa kupita kiasi (mara nyingi yana viini viwili), madogo sana ya matetea wanaoanza kutaga, yenye ganda jembamba au lenye mikunjo, yenye ufa, na yaliyochafuka kwa kinyesi.

Usioshe mayai. Ganda lina maelfu ya vitundu na limefunikwa kwa utando mwembamba unaozuia bakteria. Maji huondoa utando huo na kuwasukuma bakteria ndani. Kidoa kidogo kiondoe kwa msasa laini, kikavu. Yai chafu sana litumie jikoni kwako.

## Hatua ya 3: Hifadhi kwa siku chache, mahali pa baridi ya wastani

Yai la kutotolesha linataka nyuzi 15 hadi 18, mahali penye unyevunyevu, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Kwa hali hiyo linakaa hadi siku 7 bila hasara kubwa. Baada ya siku 7 uwezo wa kuanguliwa hupungua kila siku, na ukifika siku 14 unacheza bahati nasibu.

Usiweke kwenye jokofu la kawaida. Nyuzi 4 ni baridi mno kwa kiinitete.

Sasa, mfugaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa atauliza nyuzi 18 anazitoa wapi. Swali ni la haki. Chumba chenye nyuzi 30 hakiliachi yai lilale: kiinitete huanza kukua kivivu, kisha hudhoofika na kufa kabla hujawasha mashine. Ukilimulika kwa tochi siku ya 7 utadhani halikuwa na mbegu. Kwa pwani, mwiko wangu ni kuweka akiba zaidi ya siku 4. Kusanya mara tatu kwa siku, weka trei sakafuni kwenye chumba kisicho na dirisha la jua, au juu ya mchanga uliolowanishwa ndani ya chungu kipana. Kama mayai hayatoshi kujaza mashine kwa siku 4, washa mashine ikiwa nusu. Nafasi tupu haina hasara. Mayai yaliyochoka yana hasara.

Mayai yaliyosafiri kwa basi au bodaboda yapumzike saa 12 hadi 24 kwenye joto la chumba, ncha chini, ili kifuko cha hewa, kile kilicho upande wa ncha butu, kitulie.

## Hatua ya 4: Weka mashine mahali pake na uiwashe tupu

Chagua chumba ambacho joto halipandi na kushuka sana. Stoo ya bati inayochemka saa saba mchana haifai, wala jikoni penye moshi, wala dirishani. Mashine ikae sawasawa, mbali na watoto na mbali na paka.

Iwashe ikiwa tupu kwa saa 24, kipimajoto cha pembeni kikiwa kwenye usawa wa mayai. Kwa mashine yenye feni, lenga nyuzi 37.5. Kwa isiyo na feni, ambayo hewa ya moto hukaa juu, pima usawa wa sehemu ya juu ya mayai na ulenge nyuzi 38.5. Watu wengi wa mashine za kuunda kwa boksi na balbu hukosea hapa: wanaweka 37.5 juu karibu na balbu, kumbe mayai chini yanapata 36.

Umefanikiwa ukiona: joto limekaa kati ya 37.3 na 37.7 (kwa mashine yenye feni) usiku na mchana bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 5: Pima uzito, weka alama, ingiza

Toa mayai stoo saa 6 hadi 12 kabla, yafikie joto la chumba. Yai la baridi likiingia kwenye mashine ya moto hutoa jasho, na jasho hilo huwabeba bakteria kupitia vitundu vya ganda.

Chukua mayai 10 yanayowakilisha mkupuo wako. Pima kila moja, andika gramu zake kwa penseli juu ya ganda. Jumlisha, andika daftarini. Haya 10 ndiyo yatakayokusimulia habari ya unyevu.

Kama unageuza kwa mkono, chora X upande mmoja na O upande wa pili wa kila yai. Kwenye trei za kugeuza zenyewe, ncha iliyochongoka ielekee chini. Kiinitete cha yai lililowekwa ncha juu mara nyingi hugeuza kichwa upande usio na hewa na kufia humo mwishoni.

Ingiza jioni. Siku uliyoingiza ni sifuri; siku ya 1 inatimia kesho yake saa ile ile. Ukiingiza Jumatatu jioni, siku ya 18 ni Ijumaa jioni na vifaranga ni Jumatatu. Joto litashuka kwa saa kadhaa baada ya kuingiza. Usiguse kidhibiti. Mayai yananyonya joto, litarudi lenyewe.

## Hatua ya 6: Siku ya 1 hadi 18, joto, kugeuza na hewa

Joto. 37.5, basi (38.5 kwa isiyo na feni). Kumbuka kwamba viinitete huvumilia ubaridi wa muda kuliko moto wa muda. Joto la 36 kwa saa chache huchelewesha. Joto la 40 na kuendelea kwa saa chache huua.

Kugeuza. Mashine ikigeuza yenyewe, iweke kila saa moja au mbili, pembe ya nyuzi 45 kila upande. Kwa mkono, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Idadi iwe witiri, ili upande unaolala usiku kucha ubadilike kila siku. Usipogeuza, kiinitete hugandamana na utando wa ganda. Wiki ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa hiyo safari ya harusini usiipange wiki hiyo. Hakikisha pia kwa macho kwamba mota inafanya kazi. Mayai mengi hufa kwa sababu kigeuza kilikwama siku ya tatu na hakuna aliyetazama.

Hewa. Yai linapumua. Vitundu vya mashine viwe wazi kidogo wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, vyote kuanzia siku ya 18. Kuziba vitundu ili kupandisha unyevu ni kosa la kawaida, na linaua vifaranga vilivyokwisha kukamilika.

Nawa mikono kabla ya kugusa mayai, kila mara.

## Hatua ya 7: Unyevu, mahali panapoangusha wengi

Utaambiwa: asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Namba hizo ni sahihi kama mwanzo. Shida ni kwamba mfugaji wa Njombe na mfugaji wa Dar wanajaza chombo cha maji kwa kiasi kile kile.

Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, unyevu wake wa asilimia hushuka. Chukua asubuhi ya Njombe yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 90: hewa hiyo ikifika 37.5 ndani ya mashine inabaki na takribani asilimia 24. Ni kavu kabisa. Sasa chukua Dar wakati wa masika, nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80: ndani ya mashine inabaki takribani 47, bila tone la maji kuongezwa. Huyu wa Dar akijaza vyombo viwili anazamisha vifaranga vyake. Yule wa Njombe akijaza kimoja anavikausha. Nyanda za juu kuna jambo la pili: hewa ni nyepesi, na maji hulitoka yai haraka zaidi. Dodoma na Singida wakati wa kiangazi zina ukavu wao pia.

Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Kinachotoka ni maji, na nafasi yake inachukuliwa na kifuko cha hewa ambacho kifaranga atavutia pumzi yake ya kwanza. Maji yasipotoka ya kutosha, kifuko ni kidogo na kifaranga anajaa hadi ukingoni, hana pa kupumulia. Yakitoka mengi mno, utando unakauka na kumbana.

Kwa hiyo rudi kwenye mayai yako 10. Tuseme yalikuwa na gramu 500 kwa jumla. Yanavyotakiwa kusoma:

- Siku ya 7: takribani gramu 475
- Siku ya 14: takribani gramu 450
- Siku ya 18: kati ya gramu 430 na 445

Siku ya 7 ukikuta 485, yamepoteza gramu 15 tu: kuna unyevu mwingi. Toa chombo cha maji, fungua vitundu zaidi. Ukikuta 465, pamekauka: ongeza maji. Pima tena baada ya siku 3 na urekebishe kidogo kidogo. Yai mojawapo likitolewa kwa kutokuwa na mbegu, ondoa uzito wake wa mwanzo, ulioandikwa gandani, kwenye jumla.

Kinachoongeza unyevu ni upana wa maji, si kina chake. Sufuria nyembamba iliyojaa haifanyi kazi ya sahani pana yenye maji ya kidole kimoja. Sponji likisimamishwa ndani ya maji huongeza zaidi. Tumia maji ya uvuguvugu, safi. Maji ya baridi yatashusha joto. Kunyunyizia mayai ya kuku kwa chupa ya dawa ya mbu iliyosafishwa, kama wengine wanavyoshauri, usifanye kabisa. Mabaki ya dawa yanatosha kuua.

Mizani ikikubaliana na mpango na kipima unyevu kikipinga, fuata mizani.

## Hatua ya 8: Mulika siku ya 7 na siku ya 14

Zima taa usiku, weka tochi kwenye ncha butu ya yai.

Siku ya 7, yai hai lina kidoa cheusi chenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, na mara nyingi kidoa kinacheza. Yai linalopitisha mwanga sawasawa, lenye kivuli cha njano tu, halina mbegu. Yai lenye duara jekundu la damu bila mishipa lilianza likafa. Toa haya mawili. Yenye maganda ya rangi nzito, yasiyoonyesha ndani vizuri, yaache hadi siku ya 14.

Siku ya 14, yai hai ni jeusi karibu lote, na kifuko cha hewa kinaonekana wazi kwenye ncha butu. Lenye maji yanayoyumba ndani bila mishipa limekufa. Litoe taratibu, kwa sababu likioza linaweza kupasuka na kuchafua mengine yote.

Andika idadi ya yasiyo na mbegu na yaliyokufa kila mara. Usimulike kila siku. Kila mlango unaofunguliwa unamwaga joto na unyevu.

## Umeme ukikatika

Usiogope, na usikimbilie jiko la mkaa. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua watu, achilia mbali viinitete.

Wiki ya kwanza na ya pili: funga mashine, ifunike kwa mablanketi, acha nafasi ndogo ya hewa. Umeme ukikosekana zaidi ya saa moja hadi mbili, weka chupa za maji ya moto pembeni, zisiguse mayai. Badilisha zikipoa.

Wiki ya tatu mambo yanageuka. Vifaranga vilivyokua vinatoa joto lao wenyewe na vinahitaji hewa nyingi. Funika ubavuni, vitundu vya juu viwe wazi. Ukiziba kila kitu vitakosa pumzi kabla havijapoa.

Mkupuo uliopoa kwa saa kadhaa usiutupe. Rudisha joto lile lile la 37.5, usiongeze kufidia, subiri siku 4 kisha mulika. Uanguaji utachelewa kwa nusu siku au siku nzima. Mwenye kukatiwa umeme mara kwa mara anunue betri na inveta kabla ya kuongeza idadi ya mayai.

## Hatua ya 9: Siku ya 18, funga mlango

Mulika mara ya mwisho, pima yale 10, kisha fanya haya kwa haraka:

1. Zima kigeuza, au acha kugeuza kwa mkono. Kifaranga anajipanga kuelekeza mdomo kwenye kifuko cha hewa, ukimgeuza anapotea.
2. Laza mayai kwenye trei ya kuangulia, juu ya kitambaa au wavu wenye mkwaruzo. Gazeti na plastiki huteleza na kupanua miguu ya vifaranga.
3. Ongeza maji hadi asilimia 65 mpaka 70.
4. Fungua vitundu vyote vya hewa.
5. Punguza joto hadi 37.0 au 37.2 kama mashine imejaa. Vinginevyo acha 37.5.

Baada ya hapo mlango haufunguliwi. Maji ya ziada yaingize kwa mrija kupitia kitundu.

## Hatua ya 10: Siku ya 19 hadi 21, kaa mbali

Kwanza utasikia milio ndani ya mayai. Kisha kijitundu cha kwanza kwenye ganda. Kutoka hapo hadi kifaranga kutoka ni saa 12 hadi 24, na muda mwingi hutaona mabadiliko yoyote. Amepumzika. Mapafu yanaanza kazi, mishipa ya damu iliyo kwenye ganda inarudi ndani, kiini kilichobaki kinaingia tumboni kupitia kitovu.

Ukimsaidia kwa kubandua ganda saa hizo, mishipa hukatika na anavuja damu, au anatoka na kiini kikining'inia. Ukifungua mlango kuchungulia, unyevu unashuka ghafla na utando unawakaukia walioanza kudonoa. Waambie na watoto wa nyumbani mapema, kwa upole lakini kwa uthabiti, kwamba wataangalia kupitia kioo tu.

Ukungu kidogo kwenye kioo ni kawaida. Vifaranga vilivyotoka vinaweza kukaa humo saa 24 bila chakula wala maji, kwa sababu kiini kilichoingia tumboni kinavilisha. Vitoe vikiwa vimekauka na manyoya yamefutuka, kwa mkupuo mmoja au miwili.

Umefanikiwa ukiona: vifaranga wengi wametoka ndani ya saa 24, wanasimama vizuri, macho angavu, kitovu kimefunga na kikavu.

Mayai ambayo hayajadonoa hadi mwisho wa siku ya 22 yahesabu kuwa yamekwisha.

## Hatua ya 11: Hamishia kwenye bruda iliyokwisha kupata joto

Joto la 32 hadi 35 usawa wa vifaranga kwa wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Wakijikusanya chini ya taa wanahisi baridi, wakikimbilia kuta wanahisi moto, wakitawanyika pamekaa sawa. Wape maji yenye glukosi kwanza, chovya midomo ya wachache majini ili wengine waige, kisha chakula cha vifaranga saa chache baadaye. Chanjo ya kideri huanza wiki ya kwanza na ya Gumboro hufuata. Ratiba kamili ichukue kwa afisa mifugo wa kata yako, maana hutegemea magonjwa ya eneo.

## Hatua ya 12: Pasua yaliyogoma

Hatua hii wengi huiruka kwa kinyaa. Vaa glavu, toka nje, pasua kila yai lililobaki upande wa ncha butu, na andika ulichokuta.

- Amekufa siku za mwanzo, damu au kidoa tu: mayai yalikaa sana, yalihifadhiwa kwenye joto, yalitikiswa safarini, au mashine ilipanda joto wiki ya kwanza.
- Amekufa katikati, manyoya yameanza: chakula duni cha wazazi, au umeme ulikatika kwa muda mrefu. Linganisha na tarehe daftarini.
- Amekamilika, hajadonoa, amelowa na kuvimba: unyevu ulizidi siku 18 za kwanza. Kifuko cha hewa utakikuta kidogo.
- Amekamilika, kichwa kiko ncha iliyochongoka: yai lilipangwa ncha iliyochongoka ikitazama juu, au halikugeuzwa ipasavyo.
- Amedonoa akafia hapo, utando mkavu umemganda: unyevu mdogo siku za mwisho, au mlango ulifunguliwa.
- Walitoka siku ya 19 au mapema siku ya 20, wadogo, vitovu vibichi: joto lilikuwa juu.
- Walitoka siku ya 22 au 23, matumbo makubwa na laini: joto lilikuwa chini. Tumbo likinuka, ni uchafu wa mayai au wa mashine.

Hesabu matokeo kwa kugawanya vifaranga kwa mayai yenye mbegu, yaani toa kwanza yale uliyoyakuta matupu siku ya 7. Mayai 60, matupu 12, vifaranga 38: hiyo ni 38 kwa 48, sawa na asilimia 79. Mashine yako ni nzima. Jogoo ndiye wa kuangaliwa.

Mwishowe ondoa maganda na manyoya yote, osha trei na kuta kwa maji ya sabuni, suuza, pitisha dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa kama kifungashio kinavyoelekeza, na uache mlango wazi mpaka mashine ikauke kabisa. Feni na kihisio vifute kwa brashi kavu, visilowe. Kabla ya mayai mengine kuingia, rudia jaribio la kikombe cha maji ya uvuguvugu, kwa sababu vihisio hubadilika kadiri vinavyozeeka.